Elgon kwa Anayeanza: Tazama Pa Kulala Kabla ya Kilele

Mkazi wa Port Victoria, kule Bunyala katika kaunti ya Busia, huamka kila siku kwenye mwinuko wa takriban mita 1,135 kutoka usawa wa bahari, kando ya ziwa, ambako ardhi ni tambarare na jua la mchana ni kali. Akipata siku nne za mapumziko na kutaka kuonja mlima kwa mara ya kwanza, mlima ulio karibu naye ni Elgon, na swali la kwanza atakaloulizwa na jamaa ni atafika kilele gani. Naona swali hilo linaanzia mwisho. Linampeleka mgeni wa milima moja kwa moja kwenye sehemu ambayo hawezi kuifaidi kwa siku nne, na kumpitisha mbio kwenye sehemu ambayo ingemfaa. Kwa anayeanza, tena mwenye siku chache, mlima huchaguliwa kwa kutazama pale atakapolala na ardhi atakayoizoeza miguu yake. Elgon ukipimwa hivyo, upande wa Sipi, ng'ambo ya mpaka, unaushinda upande wa Chorlim ulio hapa nyumbani, na unaushinda pia upande wa Budadiri unaoelekea kilele kirefu kuliko vyote.

Kipimo hiki kimekomaa zaidi katika nchi za theluji, ambako likizo fupi ya kujifunza kuteleza kwa skii ni jambo la kila mwaka na makosa ya kuchagua mahali hugharimu pesa nyingi. Ufaransa kuna eneo la Les Trois Vallées linalojitangaza kwa takriban kilomita 600 za njia za kutelezea. Anayejifunza akienda huko kwa siku tatu atashinda kwenye mteremko mmoja mfupi, pengine miwili, ile inayowekwa alama ya kijani au ya buluu. Njia nyekundu na nyeusi ataziona kwa mbali, ingawa bei ya eneo zima iko ndani ya nauli na hoteli yake. Ndiyo maana wenye uzoefu huuliza maswali ya msingi: mteremko wa wanaoanza uko hatua ngapi kutoka kitandani? Mwalimu yupo? Viatu na vifaa hukodishwa papo hapo? Mtu akichoka saa sita mchana, anaweza kurudi bila kulazimika kuteremka pabaya? Safari ya kufika hula siku ngapi kati ya zile alizonazo? Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, ina njia ambazo iliyo ndefu zaidi haizidi mita 400, na mtu hujifunza hapo kusimama, kugeuka na kujizuia. Hata Philip Boit, mkimbiaji aliyekuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano mwaka 1998, alifunzwa skii ya masafa nchini Finland, nchi ambayo sehemu yake kubwa ni tambarare. Mwanzo wake ulikuwa ardhi inayomruhusu kukosea bila kuumia.

Tuyalete maswali hayo Elgon. Mlima huu ni volkano iliyozimika, mpana sana kwa tako lake, na juu una kaldera kubwa ambayo mpaka wa Kenya na Uganda unaipitia. Kilele kirefu zaidi ni Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda. Upande wa Kenya kinachojulikana zaidi ni Koitobos, mita 4,222. Milango anayoweza kuifikiria mtu wa Busia ni mingi, lakini mitatu ndiyo yenye uzito: Chorlim, kupitia Kitale na Endebess, unaoingia hifadhi ya taifa ya upande wa Kenya iliyoanzishwa mwaka 1968, Budadiri, karibu na Mbale, panapoanzia njia ya Sasa kwenda Wagagai, na Sipi, katika wilaya ya Kapchorwa, pamoja na kituo cha Kapkwai kilicho jirani ndani ya hifadhi ya Uganda.

Sifa ya Chorlim ni barabara yake. Ukiwa na gari la kuhimili matope, hali ya hewa ikiwa nzuri, unaweza kupandishwa hadi takriban mita 3,500, kisha ukatembea saa chache na kugusa Koitobos, na jioni ukarudi langoni. Kwenye karatasi ni likizo kamili: kilele, picha, na usiku wa pili uko kitandani. Mwili lakini hausomi karatasi. Shinikizo la hewa kando ya Ziwa Victoria ni kama asilimia 88 ya lile la pwani ya bahari. Kwenye mita 3,500 hushuka hadi karibu theluthi mbili, na Koitobos hufika kama asilimia 60. Kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi, na mwili unahitaji siku, wala si saa, kujirekebisha. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, na kwa wachache maji kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba. Ndiyo sababu madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Aliyelala Port Victoria juzi na Kitale jana, akaamkia gari la kwenda mita 3,500 na kutembea hadi 4,222, amepanda zaidi ya mita 3,000 kwa siku mbili. Mguu wake unaweza kuwa imara kabisa, maana wavuvi na wakulima wa Bunyala hawana upungufu wa nguvu. Nguvu za misuli hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Kijana mwenye afya anaweza kuwahi kuugua kwa sababu tu anatembea kasi.

Hapa kuna pingamizi la haki. Anayepanda na kushuka siku hiyohiyo halali juu, na hatari kubwa zaidi ni ya wanaolala juu. Ni kweli, na sidai kwamba Koitobos ya siku moja ni mtego wa kifo. Ninachosema ni kwamba siku hiyo, kwa anayeanza, ina uwezekano mkubwa wa kuharibika. Dalili za mwanzo huja ndani ya saa chache, wakati bado uko juu na ukungu umeanza kufunga. Mtu anayeumwa kichwa hajifunzi kutembea mlimani, anasubiri kushushwa tu. Kilimanjaro wanalijua jambo hili kwa uzoefu wa miaka mingi: njia ya Marangu ina vibanda vya Mandara kwenye mita 2,720, Horombo kwenye 3,720 na Kibo kwenye 4,700 na ushei, na ushauri wa kawaida ni kuongeza siku nzima ya kukaa Horombo bila kwenda popote pa maana, ili mwili upate nafasi. Gharama ya siku hiyo ni kubwa, lakini wapandaji huilipa. Mwenye siku nne, mbili kati yake zikiwa za barabarani, hana siku ya kuongeza, na dawa yake ni kuacha kuinunua shida yenyewe.

Budadiri nitaipitia haraka kwa kuwa jibu lake liko wazi. Njia ya Sasa huanza kwa kupanda zaidi ya mita 1,600 siku ya kwanza, kukiwa na ngazi kwenye magenge ya Mudangi, na mzigo wa chakula na mahema. Kwa kawaida ni safari ya siku nne mlimani peke yake, bila kuhesabu kufika na kurudi. Ni njia nzuri mno, ila ni ya safari ya pili au ya tatu.

Sipi sasa. Mto wa jina hilo huanguka mara tatu kwenye kingo za mwamba, na poromoko la chini, ambalo ndilo refu, lina karibu mita 100. Nyumba za wageni zimejipanga kwenye ukingo unaotazama bonde, kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, kwa hiyo anayetoka ziwani amepanda chini ya mita 700 na atalala usingizi wa kawaida, isipokuwa kwamba atahitaji blanketi: hewa hupoa kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000, basi jioni za Sipi ni za sweta. Kutoka mlangoni mwa nyumba ya wageni hadi kwenye njia ni dakika chache. Njia yenyewe inapita kati ya migomba na kahawa ya arabika ya wenyeji Wasabiny, inashuka kwa ngazi mahali pa mwinuko mkali, inapita nyuma ya maji kwenye pango, kisha inapanda tena. Ukitaka, utatembea saa moja na kurudi kula. Ukijisikia, utazunguka maporomoko yote matatu kwa nusu siku. Siku inayofuata unaweza kwenda Kapkwai, kwenye kituo cha msitu kilicho kama mita 2,050, ambako kuna njia fupi za mzunguko ndani ya msitu wa asili, mojawapo ikifika maporomoko ya Chebonet. Mizunguko hiyo ndiyo mteremko wa kijani wa Elgon: inaanzia na kuishia mahali pamoja, na hakuna hatua ambayo ukichoka utakuwa zaidi ya saa kadhaa kutoka kwenye chai ya moto.

Jambo moja la pale linastahili kutazamwa kwa karibu, nalo ni udongo. Udongo wa Elgon ni wa volkano, mwekundu, mzito, na ukilowa hugeuka utelezi unaomwangusha hata mwenyeji. Anayeanza hudhani kazi ni kupanda, kumbe mpanda ngazi hushuka, na ajali za vifundo na magoti hutokea wakati wa kushuka. Waongozaji wa Sipi humkata mgeni fimbo kabla ya kuanza, na wenye kujua kazi humfundisha kutanguliza fimbo, kukunja magoti, kupiga hatua fupi na kukanyaga kwa wayo mzima badala ya kisigino. Mwalimu wa skii naye, somo lake la kwanza ni kujizuia, kwa kufungua visigino na kukutanisha ncha za mbele. Hakuna anayepandishwa juu kabla ya kulijua. Kwenye ngazi na vijia vya Sipi somo hilo hurudiwa mara kumi kwa asubuhi moja, kwa vipande vifupi, kukiwa na mtu wa kukushika mkono. Kwenye njia ya Koitobos hulipati mpaka jioni, ukiwa umechoka, kwa mteremko mmoja mrefu.

Tukija kwenye safari ya kufika, wengi watasema hapa ndipo hoja yangu inapovunjika: kwa nini kuvuka mpaka wakati Kenya ina upande wake? Tuhesabu. Kutoka Port Victoria unapitia Funyula hadi Busia. Hapo unaweza kuvuka mara moja, au ukaenda kama kilomita 30 zaidi hadi Malaba na kuvukia huko. Njia zote mbili hukutana Tororo, na kutoka Tororo hadi Mbale ni kama kilomita 45 za lami. Mbale hadi Sipi ni lami tena, mwendo wa saa moja au zaidi kidogo. Upande wa Kenya unapita Bungoma, Webuye, Kitale na Endebess, na ukifika lango la Chorlim ndipo tatizo linaanza, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna matatu wala boda boda ya kukuzungusha: bila gari lako au la kukodi, siku zako zitaishia langoni. Sipi unashukia kando ya barabara kuu na kutembea. Kwa asiye na gari, tofauti hiyo pekee inatosha kuamua.

Mpaka wenyewe umerahisika kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2014 Wakenya na Waganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na Busia na Malaba zote zina kituo kimoja cha pamoja ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018. Msururu wa malori wa Malaba, ambao huweza kunyoosha kwa kilomita kadhaa, haumhusu anayevuka kwa miguu. Yanayohitaji maandalizi ni mambo matatu: mtoto asiye na kitambulisho ahitaji hati yake ya kusafiria, gari lako lahitaji bima ya Yellow Card ya COMESA na karatasi za forodha za kuingia kwa muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni bora uwe nayo mfukoni. Kiingilio cha hifadhi ya Uganda kwa raia wa Afrika Mashariki ni cha chini kuliko cha wageni wa mbali, kwa hiyo onyesha kitambulisho kabla ya kulipa.

Pingamizi jingine ni mapango. Upande wa Chorlim kuna Kitum, kwenye takriban mita 2,400, pango ambalo tembo huingia gizani kukwangua chumvi ya mwambani kwa pembe zao. Hakuna kitu kama hicho Sipi, na sitajifanya kipo. Mwenye gari, anayetaka kubaki Kenya, ana likizo nzuri ya wanaoanza pale: alale kwenye mabanda ya Kapkuro karibu na lango, atembelee mapango na msitu akiwa na askari wa hifadhi, na Koitobos aiache. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, mtu mmoja kila mara aliugua virusi vya Marburg na kufariki baada ya kutembelea Kitum, na virusi hivyo huishi kwa popo wa mapangoni. Kwa hiyo usiende kwenye vyumba vyenye popo, usiguse kinyesi chao, na watoto wabaki mdomoni mwa pango. Nikisema Chorlim ni ya pili, maana yake ni hiyo: ni nzuri kwa sharti la gari na sharti la kujizuia, ilhali Sipi haina sharti hata moja kati ya hayo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maporomoko ya ardhi. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, na mamia ya watu wakafa. Novemba 2024 ikawa zamu ya vijiji vya Bulambuli, wilaya ambayo barabara ya Mbale kwenda Sipi inaipitia. Huu si mlima wa kuchezea wakati wa mvua, upande wowote ule. Jibu ni kalenda. Desemba mwishoni hadi Februari ndio msimu mkavu wa kutegemewa. Juni na Julai huwa na nafuu. Aprili na Mei usiende, wala Oktoba na Novemba. Kwa hili watu wa Bunyala wana faida ambayo mtu wa Nairobi hana. Mto Nzoia huchota maji yake kwenye vilima vya Cherangani na miteremko ya Elgon, na mto ukijaa hadi kingo za Budalangi kutishiwa, habari ya mlima imeshafika mlangoni. Mto huo hautoki upande wa Sipi, lakini mawingu ni ya mlima mmoja. Nzoia ikiwa juu, ahirisha safari, hata kama umeshalipia chumba.

Wapo watakaosema kwamba maporomoko ya maji na kahawa si mlima, na kwamba anayerudi bila kilele amerudi mikono mitupu. Nawaelewa, ila siafiki. Anayerudi kutoka Sipi amejifunza kushuka, amejua viatu vyake vinamuuma wapi, ameona mwili wake unavyopumua kwenye mita 2,000, na amebaki na hamu ya kurudi. Hayo ndiyo yatakayomfikisha Wagagai. Na anayetaka theluji hasa, ya kuteleza, ajue kwamba Afrika Mashariki haina mahali pa kujifunzia: barafu ya kilele cha Margherita kule Rwenzori, mita 5,109, ni ya kamba na viatu vya meno, baada ya siku kadhaa za kutembea kwenye matope. Kituo cha skii kilicho karibu zaidi kusini ni Afriski, Lesotho, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, kinachofanya kazi kuanzia Juni hadi Agosti na mteremko wake mkuu ni wa kama kilomita moja. Wa huko naye aulize maswali yaleyale, na ya mahali pa kulala kwanza, kwani hapo unalala kwenye mwinuko ambao ungekufanya ufikirie mara mbili Elgon.

Kwa siku nne za kwanza, basi, nenda Sipi, mwezi wa Januari au Februari. Siku ya kwanza iwe ya barabara, ya pili ya maporomoko, ya tatu ya Kapkwai, ya nne ya kurudi, na uwe umevuka mpaka kabla ya giza. Beba koti la mvua hata kama ni kiangazi, na viatu vyenye soli ya meno ulivyokwisha kuvivaa wiki mbili nyumbani. Wagagai iwekee safari ya pili: siku nne au tano mlimani, na mpango wake uanzie katika ofisi ya hifadhi iliyoko Mbale, ambayo utaipita njiani ukienda Sipi. Shuka uulize ratiba na ada siku hiyohiyo.